Mama Mkubwa, Aliyeikusanya Familia kwa Mshahara wa Kupiga Pasi

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mama Mkubwa ni kwamba alinunua vitu akiwa ameinama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi na mama yangu, ambaye ni mdogo wake, ndio kwanza tulikuwa tumehamia huku, naye akanichukua dukani ili nizoee njia. Wateja wengine walinyoosha mkono wakachukua kilichokuwa mbele ya macho yao. Yeye alifika kwenye kila rafu, akakunja goti kama mtu anayefunga kamba za viatu, akatoa mchele au sabuni kutoka chini kabisa. Nikamwuliza kama mgongo unamsumbua. Akacheka.

"Mgongo mzima huu. Vya juu vimepangiwa wenye haraka. Sisi tuna haraka gani, mwanangu? Hebu inama."

Nikainama. Mchele ulikuwa uleule, ila mfuko wake haukuwa na picha.

Leo familia imenipa heshima ya kuwasomea wasifu wake. Naomba mnivumilie ikiwa nitatabasamu mahali ambapo wengi wangelia, kwa maana mama huyu alilolitaka maishani alilipata, na alilipata kwa jasho lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya sita. Babu yetu alikuwa fundi cherehani na bibi aliuza mboga sokoni. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza, na kibaraza ndicho kilichokuwa karakana ya babu, kwa hiyo watoto wote sita walijifunza kutembea katikati ya vipande vya vitambaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1974. Shule ilikuwa na zamu mbili, na nyumbani kulikuwa na sweta moja tu la shule lililowaenea yeye na mama yangu. Yeye akasoma asubuhi, mama yangu akasoma mchana. Kila siku walikutana nyuma ya mashine ya kusaga unga, mmoja akivua na mwingine akivaa. Mama yangu husema kwamba tangu wakati huo hajapata kuvaa nguo yenye joto kama lile sweta, kwa sababu dada yake alikuwa akilikimbiza njia nzima ili lisichelewe. Mwaka 1982 aliingia sekondari, akasoma hadi kidato cha pili. Macho ya babu yalipoanza kufifia, aliacha masomo akakalia kiti cha cherehani. Hakupata kumsimanga mtu yeyote kwa hilo, ila sisi wajukuu na watoto wa ndugu zake hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba shule inachosha.

Pale kwenye cherehani ndipo alipompata mume. Baba Mkubwa, aliyeketi hapa mbele, alikuwa fundi redio wa mtaa wa pili. Alileta suruali ipunguzwe. Wiki iliyofuata akairudisha ipunguzwe tena. Alipoileta mara ya tatu, Mama Mkubwa alimtazama, akaitazama na suruali, akamwambia, "Kaka, nikikata tena hapa utavaa kaptura. Sema shida yako." Akaisema. Walifunga ndoa mwezi Desemba 1988, wakajaliwa watoto watatu: binti mwaka 1990, mwana mwaka 1993, na binti wa mwisho mwaka 1997.

Miaka ile kazi ilianza kuwaponyoka wote wawili. Watu walinunua nguo zilizokwisha kushonwa, na redio ikiharibika walitupa wakanunua nyingine. Ilipopatikana nafasi ya kazi ya kupiga pasi katika nchi hii ya mbali, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, nafasi ilikuwa ya mtu mmoja na walitaka mwanamke. Aliondoka Septemba 1999, akawaacha watoto kwa baba yao na kwa mama mkwe wake. Binti wa mwisho alikuwa na miaka miwili. Aliahidi kwamba hawatakaa mbali naye hata siku moja zaidi ya inavyolazimu.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo baadaye alipenda kulisimulia mwenyewe, na kwa ruhusa yake nalisimulia leo. Siku alipopokea mshahara wa kwanza, aliuzidisha kichwani kwa pesa ya nyumbani, akajikuta tajiri. Alipiga simu kutoka kibanda cha kona akaahidi karo, akaahidi dawa za mama mkwe, akamwahidi shemeji yake nyumba ya matofali. Alisahau kwamba pesa alikuwa anaihesabu ya kule, lakini kodi na mkate alikuwa anavilipa huku. Alilala chumba kimoja na wanawake wengine wawili, akivaa koti kitandani ili mita ya umeme isikimbie, na kila mwezi akatuma karibu mshahara wote. Ukuta wa shemeji ukapanda hadi usawa wa kiuno.

Mwaka 2001 alipeleka maombi ya kuwaleta watoto. Yakakataliwa. Karani alimweleza kwa upole kwamba akaunti yake haina kitu, na mtu asiye na kitu hawezi kuletewa watoto watatu wa kulisha. Mama Mkubwa akamjibu kwamba haina kitu kwa sababu analisha watoto haohao. Karani akasema, "Mama, nakuamini kabisa. Lakini sisi hatuangalii ulichotuma. Tunaangalia kilichobaki."

Alitembea kwa miguu kutoka ofisi ile hadi chumbani kwake, akalia, akaosha uso, akaenda zamu ya jioni. Kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amewapenda watoto wake kwa namna iliyowafungia mlango. Kilichomkabili kilikuwa wazi: ama aendelee kutuma na kusifiwa, ama apunguze, atukanwe, na awapate.

Simu aliyoipiga Jumapili ile ukoo mzima unaijua, maana mama mkwe alikuwa mtu wa sauti kubwa na majirani walisikia upande wake.

"Mama, kuanzia mwezi ujao nitatuma nusu."

"Nusu? Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Nataka watoto waje."

"Sasa watakujaje kwa kunyimwa? Na ule ukuta je? Shemeji yako analala anauota!"

"Aendelee kuota, Mama, ukuta haukimbii. Watoto ndio wanakua."

"Watu watasema umetusahau."

"Waache waseme. Siku watoto watakapopanda ndege watakosa la kusema."

Watu walisema kweli. Walisema ameonja raha, walisema amepata mwanamume mwingine. Baba Mkubwa alizunguka kwa ndugu nyumba hadi nyumba, akawaambia kila mmoja maneno yaleyale: "Mke wangu hajatunyima. Anatuvuta." Hakuwahi kumwambia mkewe kwamba alifanya hivyo. Amenipa ruhusa ya kulisema leo.

Tangu hapo marehemu alijifunga kibwebwe. Alishuka basi vituo viwili kabla ya hoteli, kwa sababu nauli ilipanda pale kwenye daraja. Alinunua mkate Ijumaa jioni, saa ambayo duka linataka kuufukuza. Hakukubali kitu chochote cha kulipia kidogo kidogo. Mwenzake alipomshawishi achukue kitanda kwa mpango huo, alimwambia, "Hicho wewe utakilalia usiku, chenyewe kitakulalia mchana." Kodi aliilipa siku ileile ya mshahara, kabla hajavua koti. Alizoea kusema kwamba kodi haina mjomba.

Sheria ilitaka pia nyumba yenye chumba cha watoto. Alipata vyumba viwili juu ya fundi viatu, lakini mwenye nyumba alitaka dhamana ya miezi mitatu. Mama Mkubwa alitazama madirisha ya jengo, akamwuliza, "Haya mapazia nani alikushonea? Alikuwa amekukasirikia?" Mwenye nyumba akacheka, na huko ndiko kuanguka kwake. Alishonewa mapazia ya jengo zima, ghorofa nne, na dhamana ikahesabiwa imelipwa.

Maombi ya pili yalikubaliwa mwishoni mwa mwaka 2003, ila mshahara ulitosha kuombea watu watatu tu. Mama Mkubwa alitaka kungoja hadi watoshe wote wanne. Baba Mkubwa akakataa. "Leta watoto. Mimi ni mkubwa, nitajipikia." Watoto walitua tarehe 11 Februari 2004. Binti wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita, alimtazama mama yake pale uwanjani kisha akamwuliza dada yake kwa sauti, "Ndiye huyu wa kwenye simu?" Mama Mkubwa akapiga magoti, akasema, "Ndiye. Nimekuja na mwili." Baba Mkubwa alifika Oktoba 2005, akapata kazi ya kutengeneza lifti, na mama mkwe akapokea tena fungu lake kamili, pamoja na salamu. Shemeji naye aliezekewa nyumba yake mwaka 2009, akaomba msamaha kwa kuchinja kuku, ambaye Mama Mkubwa alimla kwa njia ya picha.

Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja: marufuku kubadilisha bei kwa pesa ya nyumbani. Aliyesikika akinung'unika dukani kwamba kwa bei ya kiatu hiki kule unanunua mbuzi, aliosha vyombo wiki nzima. Aliyeosha zaidi ya wote alikuwa Baba Mkubwa. Na kila Jumapili baada ya chakula kulikuwa na kikao. Mishahara iliwekwa wazi mbele ya wote, hata binti wa mwisho aliyekuwa bado shule ya msingi, na jambo lolote lisilokuwa kodi wala chakula lilipigiwa kura. Mwaka 2006 Baba Mkubwa aliomba televisheni kubwa. Binti mkubwa alitaka ada ya masomo ya uuguzi. Kura zilikuwa nne kwa moja.

"Nimepinduliwa nyumbani kwangu," alisema Baba Mkubwa.

"Hujapinduliwa, umeshindwa," alijibu mkewe. "Aliyepinduliwa haruhusiwi kula. Wewe kula."

Kazini walimwita Waziri, kwa ajili ya hesabu zake za pesa. Alipandishwa kuwa msimamizi wa zamu mwaka 2011, lakini mashuka makubwa aliendelea kuyakunja mwenyewe, wawili wawili na mfanyakazi mpya, kwa sababu alisema mtu aliyeshika upande wa pili wa shuka hawezi kukukimbia. Akishamshika hapo, alimwuliza swali lake la siku zote: "Umetuma kiasi gani, na umebakiwa na kiasi gani?" Wengi walikuwa wanarudia kosa lake yeye. Aliketi nao wakati wa chai, akawasaidia kupanga mwezi, na pale ilipohitajika aliwapigia simu mama wakwe zao, maana alikuwa mzoefu. Familia nyingi zilizojaa katika viti hivi zinajua zilivyokutana tena.

Ugonjwa wa moyo uligunduliwa Juni 2022. Aliacha kazi bila manung'uniko na akaendelea na vikao. Mwezi uliopita alilazwa. Siku ya kwanza wodini muuguzi alimwashia televisheni ya kando ya kitanda. Mama Mkubwa akauliza kama ni ya kulipia. Akaambiwa ndiyo, kwa siku. "Basi izime, mama. Mimi nina wageni, wanachekesha kuliko hiyo."

Miongoni mwa wageni hao alikuwa mpiga deki wa hoteli, ambaye sote tunamwita Ndoo. Ana mke na watoto wawili ambao hajawaona kwa miaka sita. Maombi yake yalikwisha kukataliwa mara moja, kwa sababu ileile ya akaunti tupu, kabla hajashika upande wa pili wa shuka la Waziri. Kila alipokuja wodini, mgonjwa hakumruhusu amwulize hali yake. Alitaka kujua kama majibu yametoka. Yalitoka Jumamosi iliyopita. Ndoo aliingia na karatasi, akashindwa kuisoma kwa machozi, nikaisoma mimi: wamekubaliwa wote watatu. Mama Mkubwa alifumba macho, tukadhani amechoka. Kumbe alikuwa anapanga.

"Mwambieni asinunue vitanda," alisema. "Kuna viwili vyetu stoo. Na makoti ya watoto, binti yangu anayo ya wanawe. Uwanjani mwende na gari mbili. Watu wakitua waone wengi."

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono na watoto wake wote watatu wakiwa wamesimama kando ya kitanda. Hakuna aliyehitaji kupigiwa simu ya mbali.

Ameacha mume, watoto watatu, ambao ni muuguzi, fundi umeme na mwanafunzi wa ualimu, wajukuu wanne, ndugu watatu, akiwemo mama yangu, shemeji mwenye nyumba iliyoezekwa vizuri, na wenzake wa chumba cha kufulia, waliofika leo zamu mbili kwa pamoja. Mungu amlaze pema, mahali pasipo na mita wala kodi.

Mwisho, Baba Mkubwa ameniagiza niwatangazie. Ndege ya mke na watoto wa Ndoo inatua Alhamisi hii ijayo, saa tatu asubuhi. Vitanda vimeshafungwa, makoti yamefuliwa. Magari yamekuwa matano, na bado kuna nafasi.