Bibi Tukummeq na Nyangumi Waliozama

Nina miaka themanini na mbili. Nimewazika wake wawili, makatekista sita, na kila mwindaji aliyewahi kubishana nami. Kwa hiyo chama cha wawindaji kilipotaka mtu wa kuandika maneno ya kumuaga Bibi Tukummeq Petrussen, anayestaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na sita ya kuandika taarifa za mawindo ya kijiji chetu, hakikuwa na wa kumtafuta zaidi yangu, mwenyekiti wake. Shule nilisoma majira mawili tu ya baridi, mnivumilie.

Nyangumi wa pembe wa kwanza aliyempima alikuwa wangu. Wa pili pia. Alikuja ufukweni na futi kamba ya fundi cherehani, ikaishia ubavuni, tukacheka mpaka tukakaa chini. Yeye akavua mkanda wa koti lake, akaunga hapo, akaendelea kupima. Toka siku ile hatukumcheka tena, ila Krismasi moja. Mataya ya nyangumi ya kupeleka kwa wataalamu wanaohesabu nyangumi alikuwa akiyagandisha nyumbani kwake, shemeji yake akayachemsha supu. Wataalamu walingoja sana mwaka ule. Supu ilikuwa nzuri, niliinywa.

Kambi zote za kiangazi alizifikia, kwa sleji ya kukokotwa na mbwa juu ya barafu au kwa boti. Yeye alimtambua kila mwindaji kwa mlio wa bunduki tu. Na kila tulipotia nanga aliuliza maswali mawili: mmeleta wangapi, na wamezama wangapi?

Wazee wetu walimpiga nyangumi chusa kwanza, kutoka kwenye kayaki, mtumbwi wetu mwembamba wa ngozi, boya likamshika, ndipo bunduki ikafuata. Kwa chusa mimi sina mpinzani, wanajua wote. Lakini boti za mashine zilipokuja tuliingiwa na haraka, tukaanza na risasi. Aliyepigwa bila chusa huzama kama jiwe, na kumtaja ni aibu. Swali la pili likawa na jibu moja mwaka hadi mwaka: hakuna. Bibi Tukummeq aliandika "hakuna", kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika tunachosema.

Miaka kumi na minne iliyopita wataalamu walikuja wakataka mgawo wetu wa nyangumi wa kuwinda kwa mwaka upunguzwe. Nilisimama ukumbini na fomu za Bibi Tukummeq mkononi. Niliwaambia huku kwetu nyangumi hazami, hiyo hesabu yao ni ya watu wa mezani. Nilipigiwa makofi. Mgawo haukuguswa. Bibi Tukummeq alikuwa amekaa karibu na birika la kahawa, akanitazama, hakusema neno. Nilijisifu kwa hotuba ile mwaka mzima.

Baadaye makundi yakaja madogo. Halafu wakaja bila ndama. Mwaka huu mgawo wa ghuba yetu ni sifuri. Binti yangu Naja alijishonea kayaki kwa mkono wake, nikamfundisha chusa nikijua ninachofundisha, na hajapata hata nyangumi mmoja wa kumrushia.

Jumanne nilikwenda ofisini kwake. Bibi Tukummeq alikuwa anafunga makasha. Nikamwambia, "Tukummeq, kiangazi kile kabla ya mkutano, boti yangu ilizamisha kumi na mmoja."

Akaendelea kufunga kamba. "Kumi na watatu, mzee. Dirisha langu lilikuwa wazi, nikahesabu milio ya bunduki yako, nikatoa mliowaleta."

Nikamuuliza mbona alinyamaza ukumbini.

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Kosa hilo ni langu, usinipokonye. Una mengi yako."

Nikamwomba aandike basi. Akakataa. Alisema mkono wake umeandika "hakuna" zangu za kutosha, akanisukumia kalamu. Niliandika kutwa nzima: kiangazi hadi kiangazi, waliozama wote ninaowakumbuka. Karatasi ile imekwenda kwa wataalamu pamoja na barua zake za mwisho. Haitawarudisha nyangumi. Lakini wakihesabu tena, wasihesabu kwa maneno yangu ya ukumbini.

Bibi Tukummeq, kijiji kinakushukuru kwa kutuuliza miaka yote hiyo watu tusiojibu. Pumzika. Samaki ukavue kwa raha zako, usimpime hata mmoja. Afya ikufuate, na tutakaokuja kunywa kahawa kwako tuje na habari za kweli.

Wa kuthibitisha haya ni Avigiaq, aliyeshika usukani wa boti yangu kiangazi kile, na mpaka leo anashikilia kwamba walikuwa kumi na wawili. Mwingine ni binti yangu Naja, aliyenisahihishia karatasi ile herufi kwa herufi bila kunitazama usoni.