Mstahiki na Nafasi Kando ya Mwalimu

Ndugu, jamaa, majirani na watumishi wa jiji mliosimama hapa juani, tuvumiliane kidogo. Familia imenipa kazi ya kueleza maisha ya baba yetu. Mimi ni kifungua mimba wake, mkunga kwa kazi, nimezoea kuwapokea wanaoingia duniani, si kuwaaga wanaotoka. Nikikwama, Baba Mdogo aliyeketi pale mbele ataendelea, ingawa yeye atatia chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1946 katika wodi ya wazazi ya hospitali kuu, mtoto wa pili kati ya wanne wa tarishi wa posta na mama aliyefua mashuka ya hospitali hiyohiyo. Bibi yetu alisimulia mpaka uzeeni kwamba siku ile mabomba ya jiji zima yalikuwa makavu, na mtoto akaogeshwa kwa maji ya birika yaliyokuwa yametengwa kwa chai ya wauguzi. Kila alipomshinda kwa ukaidi, na alimshinda mara nyingi, bibi alisema huyu alianza kusumbua watu kwa ajili ya maji tangu siku ya kwanza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1954 na kumaliza sekondari mwaka 1965. Hesabu alizipenda, insha zilimtesa. Katika mtihani wa mwisho waliambiwa waandike kuhusu safari. Wenzake wakaandika safari za treni na za kwa shangazi. Yeye aliandika safari ya maji kutoka kwenye tangi la jiji hadi jikoni kwao, na kila kona ya bomba akaitaja. Alipata alama tatu kati ya ishirini. Karatasi ile aliitunza kabatini mpaka alipokufa, na alikuwa hajakubali kosa.

Tarehe 1 Februari 1966 aliajiriwa na idara ya maji kama msoma mita. Alitembea mtaa kwa mtaa kwa miaka kumi na moja, na akawa anajua mambo ya watu kuliko walivyopenda. Mita ikizunguka kuliko kawaida alijua nyumba hiyo ina wageni, ikisimama alijua mna msiba au mna ugomvi. Mwaka 1977 alipandishwa kuwa mkaguzi, na baadaye mkuu wa kitengo, lakini vidole vyake havikuacha kutafuta mfuniko wa mita kila alipoingia kwenye uwanja wa mtu.

Ni mita hiyohiyo iliyompatia mke. Mita ya shule ya chekechea ilipaswa kusomwa mara moja kwa mwezi. Yeye aliisoma kila Jumatano. Mwalimu wa pale alivumilia wiki sita, ya saba akamwambia, "Kaka, maji yetu hayaendi mbio kiasi hicho. Kama una neno, liseme, watoto wanasubiri." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1970. Hakuwahi kumwita jina lingine zaidi ya Mwalimu, hata sisi tulipokuja, hata walipogombana. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994 watu wa mtaa walimsukuma agombee udiwani, na mwaka 2004 madiwani wenzake wakamchagua kuwa Meya. Alikaa katika kiti hicho miaka kumi. Hapo ndipo jina la Mstahiki lilipomganda. Mezani tulimwambia, "Mstahiki, tusogezee chumvi," naye akaisogeza kwa heshima zote. Alipenda jiji hili kama watu wengine wanavyopenda timu ya mpira. Mgeni rasmi akija kutoka nje, kabla ya hoteli alipelekwa kuona tangi la maji. Alichelewa kukata utepe wa zahanati mbili kwa sababu alisimamisha gari njiani kutazama bomba linalovuja, na pindo la joho lake lilikuwa na tope muda wote. Ukithubutu kusema nyumbani kwamba mjini kuna takataka, alikuuliza mtaa gani, upande gani wa barabara, akaandika kwenye kiganja.

Jumamosi hazikuwa zetu. Alizitumia katika karakana ndogo nyuma ya nyumba ya wazee, akitengeneza viti vya magurudumu vilivyotupwa na hospitali. Kila alichokimaliza alikigonga namba chini ya kikalio, kama mita. Alifikisha mia moja na arobaini na tatu. Wapiga picha wa gazeti walipomfuata huko aliwakabidhi bisibisi, na hawakurudi tena.

Sasa nifike mahali pagumu. Wengi wenu mnajiuliza kwa nini tumesimama hapa, na si kule mlimani alikolala mama yetu.

Mama yetu alifariki tarehe 22 Agosti 2008. Tulimzika katika makaburi ya zamani, mlimani. Siku ile Baba alipima kwa hatua zake mwenyewe, akawaambia wachimbaji waache nafasi upande wa kushoto. "Hapa pangu," alisema, kama mtu anayeweka kofia kwenye kiti asije akakaliwa. Lakini mlima ule una maji chini yake, na maji yale hushuka kwenye visima vya mtaa wa bondeni. Watoto wa bondeni waliugua matumbo mwaka 2009, wakaugua tena mwaka 2010, na wanne hawakupona. Majibu ya vipimo vya visima, kwamba uchafu unatoka makaburini, yalimfikia mezani. Mtu mwingine angeweza kuyafunika na faili. Yeye alikuwa mtu wa maji, asingeweza kujifanya hajaelewa.

Tarehe 17 Machi 2011 baraza lilipitisha sheria ndogo ya kufunga makaburi ya mlimani na kufungua haya tuliyomo. Diwani mmoja alipendekeza kiongezwe kifungu: mwenye mume au mke kule, na nafasi iliyoachwa, aruhusiwe kuzikwa naye. Kura zikagongana, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kura ya uamuzi ilikuwa ya Meya. Alikikataa kifungu kile, akasema wenye nafasi kule ni nusu ya jiji, na visima ni vilevile. Sisi watoto wake tuliisoma kwenye tangazo la ukutani, sokoni, tukiwa na vikapu mkononi kama watu wengine.

Mwaka 2013 mshonaji wa majoho ya baraza, bibi aliyemshonea hata lile la kwake, alikuja ofisini. Nilikuwepo, nimempelekea Baba chakula. Bibi yule alikuwa mgonjwa, na mumewe alikuwa mlimani. Alisema, "Mwanangu, mimi siliombi jiji kitu. Naomba kitanda changu tu."

Baba alimshika mkono. "Mama, hata mimi changu kiko kule."

"Basi unajua ninachokuomba."

"Najua," alisema, na hakumpa. Bibi yule yumo humu, safu ya tisa.

Marehemu alistaafu mwaka 2014 akiwa na afya njema na maneno mengi. Tarehe 6 Novemba 2022 alipatwa na kiharusi akiwa anafunga viatu. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakampotea karibu yote. Nyumba ya wazee ilituletea kiti namba sitini na moja. Alipokalishwa, mkono wa kushoto ulienda moja kwa moja chini ya kikalio kutafuta namba, akaipata, akacheka upande mmoja wa uso. Nilitoka nje nikalia kwenye kamba ya nguo.

Maneno yaliyobaki yalikuwa mawili. "Kwa Mwalimu." Alisema hivyo akiamka, akila, akibadilishwa nguo. Tulidhani anataka kumtembelea, tukawa tunamsukuma mpaka mlimani kila Jumapili. Alipofika aliunyoosha ule mkono mzima na kuonyesha chini, upande wa kushoto, kwenye ile nafasi. Tulikuwa watu wazima wawili, mimi na mdogo wangu fundi umeme, na hatukujua pa kutazama.

Mdogo wangu alikwenda kwa Meya wa sasa, ambaye zamani alikuwa katibu wa Baba. Akajibiwa, "Mniandikie barua. Kwake yeye nitatia sahihi, na lawama nitabeba." Barua niliiandika mimi. Hapo ndipo tulipogombana kama ipelekwe au isipelekwe, mimi na mdogo wangu, jikoni, kwa sauti ya chini ili mgonjwa asisikie.

"Anayeomba ni Baba," aliniambia, "si Mstahiki."

"Baba ndiye Mstahiki. Ukimtenganisha, unamzika nani?"

"Namzika anayenionyesha mahali kwa kidole."

Nilichukua barua nikaenda kumuuliza mwenyewe. Nilipiga magoti mbele ya kiti nikasema, "Baba, tuombe ruhusa ya mlimani?" Alinitazama, machozi yakamtoka, na kichwa kikatikisika, huku na huku. Nilitaka kushukuru kwamba amekataa. Lakini daktari alikuwa ameshatueleza kwamba kichwa kile kinatikisika chenyewe, ni ugonjwa. Niliuliza tena, kikatikisika tena. Nilimuuliza kama anataka maji, kikatikisika vilevile, na maji akanywa yote.

Katika miaka yangu yote ya wodini nimeona mambo mengi, lakini sijawahi kuwa bure kama siku ile. Mtu aliyejua kila bomba la jiji hakuweza kutupa ndiyo wala hapana, na sisi tuliosomeshwa naye hatukuweza kuipata kwake.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 3 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na saba. Mimi nilikuwa nimemshika mkono uliokufa na mdogo wangu ule mzima.

Jumatano nilikwenda ofisi za jiji na barua mkobani. Mdogo wangu alikuwa ameniachia uamuzi, na hiyo haikuwa zawadi. Kwenye dirisha la vibali vya mazishi nilimkuta karani, mtoto wa yule bibi mshonaji. Alinipa pole, akachukua fomu, akajaza jina na tarehe. Kisha akauliza swali lililoandikwa pale, analomuuliza kila mtu: "Makaburi gani, dada?"

Hakuliuliza kwa ubaya. Alikuwa ameinama, kalamu iko juu ya karatasi. Nikasema, "Mapya." Akaandika, akagonga mhuri, akatoka nyuma ya dirisha akanipa mkono.

Watu wananisifu kwamba nimelinda neno la Baba. Naomba msinisifu. Kusema kweli niliona haya tu, mbele ya yule karani. Kama dirishani angekuwapo mwingine, sijui tungekuwa tumesimama wapi leo. Barua bado iko mkobani. Sijaichana.

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, ndugu yake mmoja ambaye ni Baba Mdogo, viti mia moja na arobaini na tatu vinavyotembea, na nafasi moja mlimani, upande wa kushoto wa Mwalimu, ambamo hakuna atakayelala. Kaburi lake ni safu ya thelathini na moja, baada ya mpagazi wa soko aliyezikwa jana, kwa sababu hapa hakuna anayechagua jirani. Hiyo nayo ni sheria yake. Mlima hufunguliwa Jumapili, saa nane hadi saa kumi na moja. Tutakwenda kumweleza Mama alipo mumewe, na hatujui tutaanzia wapi.

Mungu amlaze mahali pema, maana sisi tumeshindwa kumlaza alipotaka.