Fundi Sikio na Kanda Alizokataa Kufuta

Ndugu, jamaa, majirani na mliofanya kazi na marehemu, familia imeniomba mimi kitinda mimba niwasomee maisha ya baba yetu, kwa sababu kaka yangu amesema sauti yake haitafika mwisho wa ukurasa. Na mimi sina hakika na yangu. Ikikwama mnivumilie. Vitu vinavyokwama ndivyo vilivyompa baba ugali wa miaka thelathini na mitano, na sijawahi kumwona akivikasirikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya babu. Alichelewa kusema. Mpaka anakaribia miaka mitatu alikuwa hajatoa neno, na watu walianza kunong'ona kwamba mtoto ni bubu. Shangazi, dada yake mkubwa ambaye yuko nasi hapa, anasema sentensi yake ya kwanza ilikuwa kuuliza kwa nini msumeno wa baba yake leo unalia vibaya. Kama ni kweli au si kweli hatujui, lakini shangazi hajawahi kubishiwa na mtu, na leo si siku ya kuanza.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1959 na kumaliza shule ya msingi mwaka 1966. Tangu 1968 hadi 1970 alisomea ufundi bomba katika chuo cha ufundi na kupata cheti. Ni katika miaka hiyo ndipo mjomba wake, aliyekuwa fundi wa kuezeka, alihamia mbali kikazi akamwachia gitaa. Lilikuwa na nyuzi tano. Wa sita ulikuwa umekatika na hapakuwa na pa kuupata mwingine, kwa hiyo alijifunza kwa hizo tano, peke yake, bila mwalimu wala kitabu. Alipoupata uzi wa sita, miaka minne baadaye, alilalamika kwamba sasa gitaa limekuwa na maneno mengi.

Tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa na idara ya maji, na huko ndiko alikopewa jina la Sikio, ambalo wengi wenu ndilo mnalolijua. Kazi yake ilikuwa kutafuta mabomba yanayovuja chini ya ardhi. Alfajiri, kabla magari hayajaanza, alitembea barabarani na nondo ndefu, akiisimamisha chini na kuweka sikio kwenye ncha ya juu. Wenzake wanasema akishasema "chimbeni hapa," hakukuwa na haja ya kuchimba pengine. Alistaafu tarehe 30 Juni 2006 akiwa msimamizi wa mafundi wa mtaa mzima wa kaskazini. Na katika miaka yote hiyo bomba la jikoni kwetu lilikuwa linavuja. Tone, tone, tone, kutwa. Mama alisema hadi akachoka kwamba mtu anaziba mabomba ya mji wote na lake linamshinda. Baba alijibu, "Hilo liache, ndilo linalonihesabia." Alikuwa anapiga gitaa kwa kufuata mapigo yake.

Mama yetu alikuwa mshonaji wa sare za shule, akiishi kwa wazazi wake. Mwaka 1976 ukuta wa sebule yao ulianza kulowa, na idara ikamtuma Sikio. Aliingia na nondo yake, akaisimamisha sakafuni mbele ya familia nzima, akainama. Mama alipomwona mtu mzima anasikiliza sakafu alishikwa na kicheko. Baba akainua kichwa akamwambia, "Samahani dada, naomba unyamaze kidogo." Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977. Wiki hii mama ametukumbusha jambo ambalo hatukuwahi kulitia maanani, kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho mume wake kumwambia anyamaze.

Sasa niwaambie kuhusu Jumamosi zake, kwa sababu baba aliishi siku zote saba lakini aliyoipenda ni hiyo. Aliamka, akanywa chai ya rangi akiwa amesimama, akafagia uwanja mwenyewe. Kisha alileta kiti kisicho na mikono, akakiweka kati ya kabati na mlango wa jikoni. Alikata kucha za mkono wa kushoto tu. Za kulia aliziacha ndefu kidogo za kupigia, na sisi watoto tulizionea aibu mbele ya marafiki zetu. Saa nne kamili alibonyeza redio kaseti ili irekodi, akasubiri matone manne ya bomba, akaanza. Siku zote ni muziki uleule mmoja, alioutunga mwenyewe, usio na maneno wala jina. Ulichukua dakika sita hivi. Hakupiga kwenye bendi wala harusini. Alikuwa mpigaji wa nyumbani, na alisema hivyo bila kujidharau.

Mwaka 1983 kulikuwa na kipindi cha redio kilichopokea kanda za watu wanaopiga muziki majumbani mwao. Sharti lilikuwa moja: muziki uwe mzima, bila kelele nyingine. Ndiyo maana alinunua ile redio kaseti. Dakika sita za ukimya katika nyumba yenye watoto watatu na cherehani. Mara mtoto ameanguka, mara jirani yuko dirishani anaulizia ngazi, mara mama anatafuta kitu. Baba alibonyeza kitufe cha kuzimia, akatabasamu, akasema, "Imeharibika. Wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa miaka thelathini na saba, kipindi chenyewe kilishakufa zamani, na kanda haikupelekwa kokote. Sisi watoto tulifanya mzaha wa jambo hilo. Mama hakucheka sana, na sasa najua kwa nini.

Tarehe 11 Novemba 2020 baba alipatwa na kiharusi kilichochukua nguvu za mkono wake wa kushoto. Gitaa likawekwa juu ya kabati. Kuanzia hapo, Jumamosi saa nne, alivaa spika za masikioni na kusikiliza kanda zake za zamani, mara nyingine akicheka peke yake, mara nyingine akifuta macho. Kaka alikuja akabadilisha bomba la jikoni, akidhani anasaidia, na baba akashinda asubuhi yote akiangalia upande wa jikoni kama mtu anayengoja mgeni. Mwezi Machi mwaka huu kiharusi cha pili kilichukua maneno yake, kisha ikafuata homa ya mapafu.

Siku sita kabla hajafariki, mama alikaa kitandani kwake akamshika mkono. Mimi nilikuwa mlangoni na uji. Alimwambia, "Baba watoto, unisamehe. Ulitaka dakika sita tu za kimya, nami nikawa nakuharibia kila wiki. Kanda yako haikwenda kwa sababu yangu." Baba alitikisa kichwa. Aliinua mkono wa kulia akaonyesha juu ya kabati. Mama alidhani anataka gitaa, akaliteremsha, baba akatikisa kichwa tena. Alionyesha mara ya tatu, mkono ukachoka, akalala. Alifariki nyumbani tarehe 9 Mei 2023, saa nane mchana, mkewe akiwa karibu. Mama alituambia jioni ile, "Ameondoka hajanijibu." Hayo maneno yalinichoma kuliko yote niliyoyasikia wiki hii.

Kesho yake nilipanda juu ya kiti. Juu ya kabati, nyuma ya mahali gitaa lilipokuwa, palikuwa na boksi la viatu na kanda arobaini na mbili ndani yake. Nilitaka kupata moja iliyo nzima tuwapigieni leo, ili angalau mara moja asikike kama alivyotaka. Waliowahi kutumia kanda wanajua kwamba mgongoni zina vijino viwili vidogo vya plastiki. Ukivivunja, redio haikubali tena kurekodi juu yake. Ndivyo mtu anavyolinda anachokithamini. Kanda arobaini na moja zilikuwa zimevunjwa vijino. Nikafurahi, nikasema kumbe baba alifanikiwa mara arobaini na moja na hakutuambia.

Nikaweka ya kwanza, ikakatika katikati kwa kilio cha mtoto. Ya pili, kikohozi cha shemeji yake. Ya tatu, mimi mwenyewe, nikigoma kwenda shule siku ambayo hata shule haikuwepo. Nilidhani amechanganya maboksi. Ndipo nilipovaa miwani nikasoma karatasi zake, zilizoandikwa kwa mwandiko ule wa ripoti za idara: "Imeharibika. Mtoto wa kwanza, jino limetoka. Isifutwe." "Imeharibika. Jirani na ngazi. Isifutwe." "Imeharibika. Mama watoto anacheka, sababu haijulikani. Isifutwe." Zote arobaini na moja. Ile moja iliyobaki, yenye vijino vyake salama, iliandikwa tarehe 5 Aprili 1986, siku ambayo sisi sote tulikuwa tumekwenda kwa bibi. Karatasi yake inasema, "Safi. Nyumba tupu. Inaweza kufutwa."

Nilimwita mama nikamsomea. Tukaisikiliza ile safi kwanza. Ni nzima, dakika sita, haina kosa hata moja. Angeweza kuipeleka Jumatatu yake. Mama aliisikiliza hadi mwisho akasema, "Amepiga vizuri. Lakini huyu ni mtu aliyekuwa peke yake." Kisha akaomba nimwekee yoyote yenye sauti yake.

Hiyo ndiyo mtakayoisikia baada ya wasifu huu, na ni mama aliyeichagua. Imeandikwa, "Imeharibika. Ndoo ya bluu. Isifutwe," ya mwaka 1991. Mtasikia matone manne, kisha gitaa. Karibu na dakika ya tatu mlango utafunguka, na mama atasema, "Baba watoto, ile ndoo ya bluu umeiweka wapi?"

"Mimi sijaishika."

"Sasa imekwenda wapi, ina miguu?"

"Itafute. Ikionekana uniambie, ndiyo nianze tena."

Mlango utafungwa. Baada ya hapo msidhani redio imeharibika. Ni baba anangoja. Kuna matone ya bomba, kiti kinalia kidogo, anacheka mwenyewe kwa sauti ya chini. Anangoja hivyo dakika kumi na moja, mpaka kanda inaisha. Mama aliposikia hapo alijishika mdomo. Siku ile aliikuta ndoo kwa jirani, akaanza kufua palepale, akasahau kurudi kusema. Baba hakwenda kumuuliza, na hakuwahi kumlaumu. Alivunja vijino vya kanda akaiweka mahali salama.

Kwa hiyo leo, Jumamosi tarehe 13 Mei 2023, saa nne asubuhi, saa yake mwenyewe, tunamzika mtu aliyetafuta ukimya miaka mingi, akaupata mara moja, akaona haufai kutunzwa. Nasi tuliodhani tunamharibia tumejibiwa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake waliokuja na ile nondo yake, ambayo imewekwa kando ya jeneza. Tunamshukuru pia jirani wa ngazi, aliyetuhakikishia kwamba ataendelea kuiazima.

Marehemu ameacha mjane mmoja, mkewe aliyeishi naye katika ndoa miaka arobaini na mitano. Watoto watatu, mkwe wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Wajukuu watano ambao mmoja wao, binti wa kaka, amelikubali gitaa kwa sharti la kutokata kucha. Na dada yake mkubwa, shangazi yetu. Alipenda tuwe karibu naye na tuwe na kelele, na tutaendelea hivyo.

Mungu ampe pumziko la amani. Mama ameniomba nimalizie kwa maneno yake yeye, kwa sababu ameyachelewesha miaka thelathini na miwili na hataki baba aendelee kungoja:

"Baba watoto, ndoo imeonekana. Anza tena."