Gundi Ikauke Kwanza

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibaraza cha fundi cherehani, na aliyekaa mwisho akiinuka bila kuaga, wa mwisho wa pili anajikuta chini. Wanaokaa hapo jua likianza kulegea ni wale wale. Kuna Kipaza, ambaye zamani alikuwa akiita abiria stendi na sauti yake haijashuka tangu hapo. Kuna Mhandisi, anayetengeneza pasi na redio, na wenye ndimi mbaya husema pasi zikitoka kwake huanza kutangaza habari. Kuna Kobe, kinyozi, ambaye mteja wake akinyolewa upande mmoja, wa pili huwa umeshaota. Kuna Mzee Birika, muuza kahawa, ambaye hana maoni ila ana kahawa. Na mwenye kibaraza ni Sindano. Benchi lina sheria moja tu: chochote anachonunua mmoja wao, kiwe viatu au kufuli, kinapitishwa benchi kwanza. Kila mkono ukishike, kila mdomo ukisemee. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo wanavyosema.

Siku hiyo kilichokuwa njiani kuja kupitishwa benchi ni simu.

Sindano alikuwa na simu ya vitufe, kuukuu, mgongo wake umefungwa kwa uzi mweusi alioushona mwenyewe. Ilimtosha miaka yote. Lakini siku hizi mteja haji tena kusimama mbele ya fundi akichora mshono hewani kwa mikono. Anatuma picha. Na mama mmoja aliyekuwa akiozesha binti yake alimwambia bila kuzunguka: picha ya gauni la bi harusi na sare za wasimamizi wake nitaituma leo, usipoweza kuipokea, fundi wa ng'ambo ya barabara anapokea. Kazi ya arusi nzima! Tangu asubuhi Sindano alikuwa akishona vibaya na kufumua, akishona na kufumua, jicho moja likiwa ng'ambo ya barabara.

Ndiyo maana aliingia kwenye soko la mtandaoni, kwa simu ya Kobe, akachagua simu ya mtumba ya kupangusa, na mwenye nayo akakubali kuileta mwenyewe.

—Binti yangu kanipa masharti manne, alisema Sindano akiinua vidole. La kwanza, usitume pesa kabla hujaiona. La pili, mkutane mahali penye watu. La tatu, weka laini yako, piga, pokea, ndipo ulipe. La nne...

Kidole cha nne kikabaki hewani.

—La nne? akauliza Kobe.

—Limenitoka. Lilikuwa fupi.

—Kama ni fupi halina uzito, akasema Kipaza. Mambo mazito yote ni marefu. Litazame benchi hili.

—Mpigie umuulize.

—Yuko kazini saa hizi. Hapokei mpaka atoke.

—Kutotuma pesa kabla, hapo binti kanena, akasema Kobe. Shemeji yangu alitangulizia mtu pesa kwa simu aliyoiona mtandaoni. Kifurushi kikaja kimefungwa vizuri, gundi na nini. Anafungua, kipande cha sabuni.

—Alifanyaje?

—Angefanyaje? Alifulia.

Mzee Birika alimimina kahawa kikombe kwa kikombe.

—Shida yenu mnaogopa sabuni, akasema Mhandisi. Sabuni unaiona. Cha kuogopa ni simu iliyoibwa. Na simu ya wizi inajulikana kwa harufu.

—Harufu?

—Simu inalala mfukoni mwa mtu miaka, bwana. Inashika harufu ya yule mtu. Ukiinusa ikawa na harufu mbili, imeibwa mara moja. Harufu tatu, mara mbili.

—Na ikiwa haina harufu?

—Hiyo mwizi wake ni msafi.

—Mimi naangalia pale inapogusa sikio, akasema Kobe. Ukikuta mafuta ya nywele, mwenyewe alikuwa msemaji, spika imechoka. Sikio kavu, simu nzima.

Kipaza alicheka mpaka ubao ukatikisika.

—Hamjui kitu nyinyi! Simu za mtandaoni zote ni moja.

—Moja vipi?

—Moja! Asubuhi anauziwa fulani. Mchana inaibwa. Jioni inapigwa picha upya, inarudi sokoni. Mnadhani nchi ina simu nyingi? Ni ile ile inazunguka. Siku ikiharibika, biashara yote inakufa.

—Basi leo inafika kwangu, akasema Sindano. Na hapa itatulia.

Alisema kwa utani, lakini moyoni alikuwa akiomba iwe kweli.

Muuzaji akafika. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, kiatu kimepakwa rangi, mkoba mdogo begani. Alisalimia mmoja mmoja kwa mkono, wazee wetu shikamooni, kahawa akaikubali, akakaa ukingoni bila kusukuma mtu. Kipaza alimpenda papo hapo.

—Mnaona? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu ametembea mpaka hapa, basi simu ni njema!

Mzee Birika aligeuza shingo kumtazama, akakohoa, akarudi kwenye birika lake.

Simu ikapitishwa. Mhandisi aliinusa mbele na nyuma, akatangaza harufu moja na nusu. Kobe alikagua sikio: kavu. Kipaza aliipima kwa kiganja, akaigonga kwa ukucha, akaitazama kwa chini, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Muuzaji alingoja, magoti pamoja. Hata risiti ya dukani alikuwa nayo. Mwishowe Sindano akaing'oa laini kwenye simu yake ya uzi, akaiweka kwenye ile mpya, akampigia Kobe. Simu ya Kobe ikalia. Kobe akampigia yeye. Ikalia.

—Haloo, akasema Kobe, ameketi ubavuni kwake.

—Haloo, akajibu Sindano, na akashindwa kuzuia kicheko.

—Mzee una kazi kubwa nini? akauliza muuzaji kwa upole.

—Kubwa? akadakia Kipaza. Anashona arusi nzima! Mama wa bi harusi anatuma picha leo leo kwenye namba hiyo hiyo. Gauni, sare, kila kitu!

—Mungu amjalie. Basi huyo mama asikungoje.

Sindano akatoa pesa. Hapo ndipo benchi lilipoona aibu. Ununuzi gani huu usio na ushindi? Bei haikupungua hata kidogo, na watu wazima wanne wamekaa hapo.

—Ngoja, ngoja, akasema Kipaza. Simu bila kava? Fundi mzima atembee na simu uchi?

—Na kioo cha kinga, akaongeza Mhandisi. Bila kinga hainunuliwi.

—Wazee, mtanimaliza, akasema muuzaji.

—Kava na kinga, au ondoka nayo!

Muuzaji akakuna kichwa. Akamtazama Sindano kama anayemwonea huruma kwa marafiki alionao. Kisha akacheka.

—Nimeshindwa. Kava la kufunika, la ngozi, na kinga yake. Bure. Nipe niibandike.

Benchi likapiga makofi. Sindano akampa simu. Muuzaji akageukia ukuta, vumbi la barabarani lisiingie chini ya kioo, akafungua mkoba, akapangusa, akapuliza, akabandika. Alifanya kazi kwa makini sana. Alipogeuka, simu ilikuwa ndani ya kava la kahawia lenye mfuniko, mshono wake umenyooka kiasi kwamba Sindano mwenyewe aliusifu.

—Mzee, gundi ikauke kwanza. Usifungue mpaka jua liguse lile paa. Ukifungua mapema, kioo kitaingia mapovu.

—Na picha ikija?

—Itakungoja humo humo.

Alipokea pesa, akashukuru kwa kahawa, akapanda pikipiki iliyokuwa ikipita, akaenda zake.

Wakaanza kulinda gundi. Kava liliwekwa katikati ya benchi juu ya kitambaa safi cha Sindano. Kipaza alisogeza vikombe. Mhandisi alikataza watu wasilipumulie upande ule.

—Tumemkamua yule, akasema Kobe.

—Alikuwa anatetemeka! akasema Kipaza. Ndiyo faida ya kupitisha benchi. Angekuwa Sindano peke yake, angepigwa.

—Mbona haijalia? akauliza Sindano. Yule mama alisema mapema.

—Gundi ikiwa mbichi sauti haipenyi, akasema Mhandisi bila kupepesa jicho.

Sindano alirudi kwenye cherehani, akashona pindo moja bila kulifumua. Alishajiona ameinama kwenye kioo, akihesabu marinda ya gauni la watu. Kivuli cha paa kilikuwa kinatambaa pole pole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutazama ng'ambo ya barabara.

Mama mwenye arusi akatokea kwa miguu, kikapu mkononi, anatoka sokoni.

—Hamjambo hapo. Fundi, nimepita tu, sikai.

—Karibu mama, karibu! Sindano alisimama na tepu yake shingoni. Picha yako bado sijaiona, lakini usihofu, simu ndiyo hiyo. Tunangoja gundi tu.

—Hujaiona tena? Si umeniambia umeiona?

—Nimekuambia mimi?

—Ukasema mshono ni mwepesi, utauweza. Mimi sikuulizi picha. Nauliza ile arubuni. Ulivyosema kitambaa cha bi harusi kimebaki jora moja na duka linafunga, nimekutumia pale pale. Nimepita nijue kama umeipata.

Mama akawatazama mmoja mmoja.

—Namba ilikuwa yako, fundi. Sauti ilikuwa ya chini chini, nikadhani una mafua.

Sindano alilichukua kava. Jua lilikuwa halijagusa paa. Alifungua mfuniko, na ndani mlikuwa na kipande cha plastiki chenye umbo la simu, kama vile vya kupamba makabati ya maduka, kimebandikwa karatasi iliyochapwa picha ya kioo. Kwenye karatasi kulikuwa na maua, na saa inayosema ni asubuhi. Juu yake kilikuwa kimebandikwa kioo cha kinga, cha kweli, bila povu hata moja.

Mhandisi alinyoosha mkono apokee akague, kama desturi ilivyo. Mkono ukafika katikati, akaurudisha mwenyewe. Kobe alikuwa anatazama simu yake, ambamo namba ya Sindano bado ilikuwa ya juu kabisa, na hakuthubutu kuipiga. Kipaza alifungua mdomo. Methali haikuja.

Sindano aliona aibu, aibu iliyopanda toka miguuni. Pesa yake ilikuwa imekwenda, sawa, ya kwake. Lakini leo mtu alikuwa amejiita fundi kwa jina lake, akachukua pesa ya mtoto wa watu anayeolewa. Akatazama mkono wake uliokuwa umeshika kava, na bila kutaka akainua kidole cha nne, maana sharti la binti yake lilikuwa limerudi lote, fupi kama alivyosema: ikishaingia mkononi mwako, isitoke tena.

—Mbona mmenyamaza? akauliza mama, akihamisha kikapu mkono wa pili. Swali langu dogo tu. Fundi, umeipata au hukuipata?

Mzee Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Sindano. Lilitoa tone moja, kisha masimbi ya kahawa.