Bi Shaka na Taa ya Kijani Iliyotudanganya

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wetu wa umeme, ambaye zahanati nzima inamwita Bi Shaka, anastaafu tarehe 30 Juni. Mimi wa mapokezi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, na yeye mwenyewe ameshauliza mara mbili ni nani atakayeuhakiki.

Jina hilo hakupewa bure. Hatii maziwa kwenye chai kabla ya kuyanusa. Ukimwambia swichi umezima, atakushukuru kwa adabu, kisha ataenda kuihakiki mwenyewe. Wageni huudhika, sisi tumeshazoea, maana tangu enzi za jenereta hakuna aliyepigwa shoti katika jengo hili. Jenereta ilipopumzishwa na paneli za sola zikapanda juu ya paa, alizizunguka kama mama anayemkagua mchumba wa binti yake.

Lakini mwaka ambao hatutausahau ni ule taa za chumba cha kujifungulia zilipoanza kuzimika kabla ya kucha. Mchana jua lilikuwa kali, na kontrola, yaani kile kisanduku cha ukutani kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli hadi kwenye betri, iliwaka kijani kuonyesha kwamba betri zimejaa. Alfajiri, giza. Mkunga alimzalisha mama mmoja huku tochi ameing'ata kwa meno. Betri zilizojaa mchana ziishe vipi kabla ya jogoo kuwika? Jibu lilikuwa midomoni mwa kila mtu: umeme unaibwa.

Na mwizi tulikuwa naye tayari. Mlinzi wetu, tuliyembandika jina la Kimya kwa uchache wa maneno yake, ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha betri. Mtunza dawa alidai amemwona na simu tatu. Mwingine akasema nyumbani kwake kuna redio isiyonyamaza. Kimya akikaribia, mazungumzo yanakatika. Akipita na mfuko, macho yote kwenye mfuko. Kikao kikaitishwa kumjadili, na kila mtu alijua kujadiliwa maana yake ni kufukuzwa.

Bi Shaka naye alimshuku, tusifiche. Bila kumwambia mtu, alibandika utepe kwenye soketi zote za chumba cha betri na kuutia alama ya kalamu, ili atakayeubandua ajulikane. Asubuhi taa zilikuwa zimezimika tena, na utepe uko vilevile. Alikaa kwenye ngazi, akamwambia mkunga, "Nimemchunguza mtu. Kisanduku sijakichunguza."

Akaanza upya. Alifuta vumbi kwenye paneli, akaangalia maji ya betri, akapima kila betri peke yake. Zote nzima, ila zina njaa. Nyaya aliwahi kuzipima asubuhi, kila kitu kikiwa kimezimwa, asione kasoro. Safari hii alingoja jua la adhuhuri, chaji ikiwa inapita. Kwenye kontrola mita ilisoma volti kumi na nne na ushee. Kwenye vichwa vya betri, hapo hapo chini yake, ilisoma kumi na tatu. Akaishuku mita, akaazima nyingine. Nayo ikasema yaleyale. Basi akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye kiungo kilichofichwa na kifuniko cha plastiki. Nati ilikuwa imelegea, na kiungo kimeota ukoga wa kijani kwa mvuke wa asidi. Umeme ulikuwa unapotea pale. Kontrola iliona volti zimepanda upande wake, ikadhani betri zimeshiba, ikazipunguzia chaji mapema.

Hakukisafisha. Alikiacha kama alivyokikuta, akaingia kikaoni na mita mkononi. "Njooni mumwone mwizi."

Mtunza dawa hakukubali upesi. "Tutajuaje kama wewe na mlinzi hamkupanga?"

Bi Shaka hakukasirika. Nadhani alifurahi kukutana na mtu wa aina yake. Alimpa mita apime mwenyewe. Kisha akazima mfumo, akakisugua kiungo kwa msasa, akakaza nati, akapaka grisi, akawasha. Namba za pande mbili zikalingana, na ile taa ya kijani ikazimika.

"Sasa inasema kweli," alisema. "Ufunguo kaa nao wewe. Taa zikizimika jua likiwa limewaka vizuri, njoo unishtaki mimi."

Siku chache za jua zilitosha. Betri zilijaa, na mapacha wakazaliwa alfajiri chini ya taa inayowaka. Mtunza dawa alimrudishia Kimya ufunguo mbele yetu sote na kumwambia, "Nilikukosea." Kimya akajibu, "Nilikuwa nawasikia."

Bi Shaka naye alimwendea kwenye benchi lake, akamweleza habari ya utepe. Kumbe Kimya aliuona tangu mwanzo. "Nilikuwa naomba tu usibanduke wenyewe kwa unyevu," alisema. Tangu siku hiyo Bi Shaka hajamshuku mtu kabla ya kupima kitu, na vijana wote waliopita mikononi mwake wamefundishwa hivyo: viungo vipimwe mchana, chaji ikiwa inapita, na mlinzi aachwe afanye kazi yake.

Sasa anahamia kwa bintiye, aliyemjengea chumba kizuri. Tumesikia kwamba ameshatuma maswali kuhusu fundi aliyetandaza nyaya, na kwamba binti ameomba tumzuie walau mpaka afungue mizigo.

Bi Shaka, asante kwa kila taa iliyokaa ikiwaka mpaka asubuhi. Tunakutakia afya njema, usingizi mzito na wajukuu watundu. Na mtu wa kwanza atakayekukaribisha huko na kukwambia pumzika, kila kitu kiko salama, mwamini, angalau siku hiyo moja.