Kahawa ya Nasibu Ina Mikono

Pale Masumbwe, mbele ya duka la spea za pikipiki, kuna benchi lililogongwa kwa magogo ya shimo la dhahabu lililokufa. Zamani magogo yale yalizuia mwamba usiwaangukie watu; siku hizi yanazuia watu wasiende kazini. Saa kumi jioni utamkuta Masudi, anayeitwa Karasha kwa sababu anasimamia mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kwa sababu naye akiwaka hazimiki. Utamkuta mzee Magesa, anayeitwa Josho. Miaka kumi na tisa aliogesha ng'ombe dawa ya kupe, na tangu hapo anajiona mganga mkuu wa kila kiumbe chenye damu. Kahawa ni ya Nasibu, ambaye birika lake halikuwahi kusemwa vibaya mpaka Jumanne ile.

Aliyelisema ni Valerian, fundi wa pampu za maji. Tangu mkewe Eunice apate ujauzito, kijiwe kilimbatiza Baba Kijacho. Eunice alikuwa amebanwa na sare za shule kwenye cherehani, hivyo Valerian ndiye aliyetumwa zahanati kumchukulia dawa. Nesi Zipora hakumumunya maneno. Damu ya Eunice ilikuwa nane, na mjamzito anatakiwa afike walau kumi na moja. Isipopanda mwezi huu hatajifungulia Masumbwe, atapelekwa hospitali ya mbali akasubiri huko peke yake. Valerian aliogopa, na wala hakujificha. Mfukoni alikuwa na bahasha yenye vidonge kumi vyekundu vya kuongeza damu. Ndivyo vilivyobaki vyote, vingine mpaka wiki ijayo. Akakaa apoze roho kwa kikombe kimoja tu.

— Nasibu, usinielewe vibaya, alisema. Nesi anasema kahawa yako ndiyo inayomwibia mke wangu.

Akaeleza kama alivyoelezwa. Eunice alikuwa anameza kidonge kwa kahawa, pengine kwa chai, ili kuua ladha. Sasa ndani ya kidonge kuna chuma. Mwilini kuna protini zinazokipokea chuma hicho na kukibeba mpaka kwenye damu, na kikifika huko ndicho kinachoishika hewa tunayovuta. Lakini kahawa na chai zina kitu kinachokiwahi chuma tumboni, kinakishika kabla ya wabebaji, na vyote viwili vinaishia chooni.

Nasibu aliweka birika chini taratibu.

— Kahawa yangu haina mikono.

— Zebaki ina mikono? aliuliza Karasha. Mbona inaishika dhahabu na haiachii mpaka uichome moto?

Hapo akawa amewaka. Kama kahawa inashika chuma, alisema, haiwezi kushindwa na dhahabu. Kesho angemwaga birika zima kwenye mchanga wake wa karasha na zebaki ipumzike. Nasibu, aliyekuwa amenuna, akaanza kuuliza angehitaji birika ngapi.

Josho aliwaona wote ni watoto tu. Kwa hesabu yake mwizi ni cherehani. Chuma huita chuma; mtu akikanyaga chuma kutwa nzima, damu yake itashukia miguuni na kuhamia kwenye mashine. Karasha akakubali haraka mno, akatoa mfukoni sumaku ndogo anayotumia kuondoa mchanga wa chuma kwenye dhahabu. Eunice afungwe hii tumboni, alisema, chuma kisiondoke. Josho akakataa katakata, maana mtoto angegeuka na kuelekea kaskazini.

Karasha akaomba kidonge kimoja aipime sumaku yake. Valerian akakitoa. Sumaku ikapita juu, ikapita chini, kidonge hata hakikutikisika.

— Baba Kijacho, umepewa rangi, alisema Karasha.

Valerian nusura aamini. Aliyemwokoa ni Josho, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile alisema kitu cha maana bila kujua: chuma hicho kimeshashikana na kitu kingine humo ndani, ndiyo maana hakiitiki. Wakakisaga kwa kitako cha kikombe na kukitia kwenye kahawa. Kahawa ilikuwa nyeusi, ikabaki nyeusi, na Nasibu akatangaza ushindi. Valerian, aliyekuwa anataka kujua kweli, akaagiza chai ya rangi kwa mama lishe wa jirani na kusaga kidonge cha pili.

Chai iligeuka nyeusi kama wino.

Valerian alikitazama kikombe na kuumia, maana aliona asubuhi zote alizompelekea mkewe kikombe kitandani akidhani anampenda.

Nasibu alisema hiyo ni kesi ya chai, kahawa isihusishwe. Kikasagwa cha tatu kwenye kahawa iliyozimuliwa kwa maji, nayo ikatia giza. Karasha akataka ipimwe chai ya baridi. Josho akataka ya maziwa, kisha ya tangawizi, kisha zote tatu zirudiwe kwa uhakika. Kuna na kingine kilichosagwa kwa sababu Karasha alikuwa anaongea na simu. Mwishowe Josho akakamulia ndimu kwenye kikombe cheusi, na weusi ukaanza kurudi nyuma mbele ya macho yao. Valerian alikumbuka: Zipora alisema ameze kwa maji, na chungwa au ndimu. Wakapeana mikono. Masumbwe nzima haikuwa na mume aliyeelewa damu ya mkewe kuliko yeye.

Eunice akatokea akiwa na futi ya kupimia shingoni.

— Shikamoo baba Magesa.

— Marahaba, mayu, mama yangu.

Valerian alisimama kumpa habari njema. Asimezee tena chai wala kahawa, alimwambia. Vile vitu vinakishika chuma njiani, yeye mwenyewe amekishuhudia kwa macho yake. Ameze kwa maji na ndimu. Eunice alimsikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa, kwa heshima.

— Nimeelewa. Nipe cha leo nimeze.

Valerian akaingiza vidole kwenye bahasha. Akaigeuza, isidondoke hata chembe. Karasha akaangalia barabarani. Josho, bila kuinua macho, akasogeza mbele kile kikombe chenye ndimu, na Eunice akakitazama mpaka mzee akakirudisha.

— Vilikuwa vingapi?

Eunice alivuta gauni lake, akakaa katikati ya benchi ambalo mwanamke hakuwahi kulikalia, akawaambia yeye atawasubiri hapo hapo. Karasha alipiga pikipiki yake kiki mara tatu, ikawaka, akashika njia ya Kahama kuulizia kila duka la dawa. Josho akaenda kwa miguu upande wa sokoni. Valerian alirudi zahanati akikimbia, akitunga maneno ya kumwambia Zipora na kuyaacha moja moja.

Nasibu alibaki na mteja mmoja. Kwa mazoea akapangusa kikombe, akainua birika, na kumuuliza kama amimine.