Filister Aluoch na Laini ya Siku Kavu

Mimi Wanzala, fundi wa mapaipu wa Kikundi cha Maji cha Nyota Tatu, niko na miaka sabini na tatu. Nimezika bibi wawili. Nimeona wenyeviti wanne wakiingia na kutoka kabla ya huyu wa sasa, tangi la chuma likioza, mawili ya plastiki yakipasuka, na moto mara mbili. Daktari mmoja aliniambia mwaka wa tisini na nane kwamba Krismasi sitaiona. Yeye ndiye hakuiona. Shule niliachia darasa la tatu, lakini hakuna paipu hapa Mashimoni ambayo mkono wangu hauijui. Kwa hivyo nikiandika, someni.

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 2025, Filister Aluoch, yule tunayemwita Mama Austine, anastaafu baada ya miaka ishirini na nane ya kuuza maji. Miaka kumi na saba alikuwa kioski chetu cha Mashimoni, kumi na moja kioski chetu cha Kawangware. Mwenyekiti Mutinda ameniambia niandike vile huyu mama alitumia siku za kazi kidogo ili vijana wajifunze, nisizidishe, na nichangamke. Nitaandika. Lakini kwenye kitabu cha kamati kuna maneno mawili juu yake, "aliuza nafasi", na sitaki arudi nayo kwao Uyoma. Anayepiga chapa ni karani wetu Amondi. Nimemwambia akipunguza hata neno moja nitasimama Jumamosi niyaseme yote kwa mdomo, na mdomo wangu hauna ukurasa.

Kazi kidogo kwetu ni siku kavu, yaani siku maji yamepotea. Mfereji unakohoa, unatema upepo, halafu kimya. Inaweza kuwa siku mbili, inaweza kuwa tisa. Watu hawakai kungoja, kila mmoja ana kibarua chake. Wanapanga mitungi kwa foleni, ndiyo laini yenyewe, na mtungi unamngojea mwenyewe. Mahali mtungi wako umesimama, ndipo wewe umesimama. Mtu akisogeza mtungi wako ni kama amekushika shati akakutupa nyuma.

Siku kama hizo mimi nilikuwa nacheza drafti. Nasema bila haya: kutoka Mashimoni mpaka Lindi, mtaa wa jirani, hakuna mtu aliyenishinda mara mbili mfululizo. Vijana wa siku hizi hata drafti hawajui. Siku kavu wamekunja mgongo juu ya simu, ukiwasalimia wanashtuka kama wezi.

Mama Austine alikuwa anaingia ndani ya tangi na brashi. Humwoni, unasikia tu nyimbo za kanisa zikitoka huko ndani kama mtu ameangukia kisimani na amefurahi. Akitoka anaanza kunusa mitungi, mmoja baada ya mwingine, na ule uliobeba mafuta ya taa anauweka kando na kumwita mwenyewe. Uliopasuka anauziba kwa kisu cha moto na kipande cha plastiki, hatozi kitu. Mara moja alinusa mtungi wa Mutinda huyu huyu, akamuuliza mbele ya watu kama kwake chang'aa wanakunywa ama wanaoga. Watu walicheka wiki nzima. Mutinda hajaanza.

Lakini kazi yake kubwa ya siku kavu ilikuwa kuchunga laini. Asubuhi na jioni aliitembea yote, kutoka mferejini mpaka kwa posho mill ya kusaga unga. Mtungi wa mama aliyejifungua, au wa nyumba yenye mgonjwa, aliufunga kitambaa chekundu akauweka mbele. Hakuandika popote, na hakuna aliyebishana naye, kwa sababu miaka kumi na saba hakuna aliyewahi kumshika na kosa.

Sasa nafika pale Mutinda hataki nifike.

Mwezi wa pili, mwaka wa 2014, maji yalipotea siku nane. Laini ilikuwa na mitungi mia moja na arobaini. Siku hiyo ya nane Mama Austine aliitwa Kianda kwenye kikao cha matanga, mtu wa kwao alikuwa amefariki. Akanijia pale nilipokaa. Yeye huniita jaduong', ndiyo mzee kwa Kijaluo.

"Jaduong', nakuachia laini. Usiguse kitu."

Nikamwambia aende, hapa kuna mwanaume.

Jua lilikuwa kali. Kivuli kilikuwa kimoja tu, chini ya ukuta wa kioski, na hapo ndipo mitungi ya mbele ilikuwa imesimama. Ng'ang'a, fundi wa viatu, alikuja na ubao wake wa drafti. Nikaondoa mitungi thelathini tukapata mahali pa benchi. Nilijiambia nitairudisha vile ilivyokuwa, maana kichwa changu hakisahau. Tulicheza michezo minne. Halafu nikairudisha. Wangu mwenyewe ulikuwa na kitambaa, kwa sababu bibi yangu wa pili alikuwa kitandani na ugonjwa uliomchukua mwaka huo. Huo niliurudisha mahali pake. Huo sikuukosea. Ule wa Immaculate Nafuna, aliyekuwa amejifungua siku sita tu, niliuweka wa thelathini, na kitambaa chake kilianguka chini ya benchi ya Ng'ang'a bila mimi kuona.

Mama Austine aliporudi, mfereji ulikuwa umeanza kukohoa na watu wanasukumana. Hakupata nafasi ya kuitembea laini. Aliniangalia tu kwa macho, kuniuliza. Nikaitikia kwa kichwa kwamba iko sawa. Akafungua.

Maji yalitoka dakika arobaini, yakapotea tena. Mtungi wa Nafuna ulibaki mkavu. Akaenda kuchota kwenye paipu iliyopasuka kando ya mtaro, na mtoto akaugua tumbo, akalazwa siku kumi na moja. Aliishi, Mungu asifiwe. Lakini kwa ile nafasi ya Nafuna kulikuwa kumesimama mtungi wa mama mmoja anayeimba kwaya na Mama Austine. Watu wakajumlisha wenyewe. Kabla ya Jumapili Mashimoni nzima inasema amekula kitu kidogo akauza nafasi.

Kamati ikakaa, Mutinda ndiye mwenyekiti. Mimi nilikuwa benchi la pili, na mfukoni nilikuwa na barua yao ya onyo la mwisho kwa sababu ya drafti. Kosa moja zaidi, kazi imeisha, na bibi yuko kitandani. Mama Austine alijua yote mawili. Akaulizwa ni nani alisogeza mitungi. Akaniangalia, siyo kwa muda mrefu.

"Laini ilikuwa yangu," alisema. "Kama imeharibika, imeharibika mkononi mwangu."

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi, ninayewaambia watu siogopi askari wala simba, niliangalia viatu vyangu.

Wakaandika yale maneno mawili, wakampeleka Kawangware. Yeye anaishi Kianda. Miaka kumi na moja ametoka nyumbani kabla jua halijatoka, kwa miguu kupitia Jamhuri mpaka Barabara ya Naivasha ya huko Kawangware, na jioni vivyo hivyo kurudi. Nimeenda kule mara nyingi kutengeneza paipu. Kila mara alinipa chai, akaniuliza mgongo unaendeleaje, akaniambia valvu gani inavuja. Lile jambo hakuligusa hata siku moja. Nasema ukweli: nilimchukia kwa ile chai. Ningependelea anitukane. Na siku kavu, kule pia, nilimkuta akitembea laini na vitambaa vyake, watu wasiomjua kwa jina wakimwita Mama Laini.

Sasa mmeagiza keki. Mmenunua lesso ya kumfunga, na kuna mtu amelipwa kuleta spika. Wale watakaopiga vigelegele Jumamosi ndio walikuwa wanatema mate akipita. Mimi sijatema mate, lakini nilinyamaza, na mate hukauka.

Mwenyekiti, ulitaka vijana wajifunze. Vijana, siku kavu fanyeni kama Mama Austine: safisheni, zibeni, mjue mtungi wa kila mtu na ni nani anangoja nyuma yake. Msifanye kama mimi. Na wewe Mutinda, kabla ya keki kukatwa, fungua kile kitabu kwa mwezi wa pili wa 2014, ukate maneno mawili mbele ya watu, uandike juu yake "Wanzala alisogeza mitungi". Barua ya kunifuta kazi unaweza kuniletea baadaye. Nina miaka sabini na tatu, nitaisoma polepole.

Mama Austine, kikundi kinakushukuru. Mimi sina haki ya kukushukuru, lakini nimeshukuru. Nenda Uyoma ukae mahali mtu mwingine ndiye anakutekea maji. Miguu yako ipumzike, na uishi uzee mrefu na mtamu.

Asiyeniamini amuulize Ng'ang'a, bado anashona viatu pale pale. Atasema mchezo wa nne alishinda yeye. Hapo anadanganya, lakini ya mitungi atasema kweli. Amuulize Immaculate Nafuna. Jumanne nilienda kwake nikamwambia yote, na yeye akaendelea kukamua nguo mpaka nikafikiri hajasikia. Halafu akasema, "Mzee, miaka kumi na moja nimempita huyu mama bila salamu." Sikungoja chai. Jumamosi atakuja, ameniahidi, atakaa mbele. Filister mwenyewe pia anajua, lakini huyo msimuulize. Alishaulizwa mara moja.